Teria Ana Kasoro: Ni ya Damu au ni ya Malezi?

Niliwahi kumstaafisha mbwa dume mzuri kwa kosa ambalo halikuwa lake. Aliwapanda majike wawili ndani ya mwezi mmoja, wote wakatoka patupu, nami nikawaambia wenzangu kwamba damu ya mbwa yule imekwisha. Kilichonirudi ni daftari langu mwenyewe. Wiki tano kabla ya hapo nilikuwa nimeandika: "Kupe wengi, homa, hajala siku tatu." Mbegu za dume huchukua takriban siku 60 kutengenezeka, kwa hivyo homa ya siku chache inaweza kumwacha bila mbegu nzima kwa miezi miwili, kisha akarudi alivyokuwa. Nilimjaribu tena vuli ilipoisha, jike akazaa watano. Wakati huo nilikuwa nimeshamtafutia mtu wa kumchukua akalinde shamba.

Ninaowafuga ni teria, mbwa wadogo wa kuwinda wanyama wa mashimoni, na aina yangu ni Sealyham, mweupe wa miguu mifupi aliyetokana na kazi ya Kapteni John Edwardes huko Pembrokeshire, Wales, katika karne ya 19. Alitaka mbwa mdogo wa kuingia shimoni bila woga. Kimo hakizidi sentimita 31 begani, na dume ana kilo 9 hivi. Zamani mbwa huyu alikuwa na jina kubwa, lakini mwaka 2008 Uingereza nzima walisajiliwa watoto 43 tu. The Kennel Club ya huko ina orodha ya mbwa wa asili walio hatarini, wale ambao kwa mwaka hawazidi 300 waliosajiliwa, na teria wamo wengi: Skye, Dandie Dinmont, Glen of Imaal, na Sealyham mwenyewe.

Aina ikishabakia na mbwa wachache hivyo, makosa ya mfugaji huwa mazito kwa pande mbili. Ukimtoa mbwa mzima kwa kumdhania, umepunguza damu ambayo haina pa kurudishiwa. Ukimzalisha mwenye kasoro ya kweli, baada ya vizazi vitatu kila mwenzako anayo. Ndiyo maana kila tatizo nitakalolitaja naliuliza swali lile lile: hili ni la damu, yaani la kurithi, au la malezi? Nina njia tatu za kulijibu. Natazama kama kasoro ilikuwapo tangu utotoni au ilimkuta ukubwani. Nauliza ndugu zake wa tumbo moja waliolelewa nyumba nyingine wakoje. Kisha nabadilisha malezi kwa miezi miwili na kuangalia kama kuna linalobadilika. Haya yanamfaa pia mwenye teria wa aina nyingine, na hata wasasi wetu wa mashamba wanaofuga mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu wanaochimbua muhogo.

Jike amepandishwa, hakushika

Sababu inayowaponza wengi ni siku. Mtu anahesabu siku 11 tangu alipoona damu, anampeleka jike kwa dume, anarudia siku ya 13, basi. Lakini yupo jike anayetoa mayai siku ya 8 na yupo wa siku ya 17 au zaidi, tena yai la mbwa likitoka huwa halijawa tayari. Linahitaji siku 2 au 3 kukomaa. Jike wangu mmoja alitukosesha uzazi mara mbili kwa sababu tu yeye ni wa siku ya 18, na mimi nilikuwa nikimrudisha nyumbani siku ya 14.

Usihesabu peke yake, tazama. Damu nyekundu inapauka mpaka inakuwa kama chai nyepesi. Uvimbe wa uke uliokuwa mgumu unalainika. Ukimgusa juu ya kiuno anasimama imara na kuupeleka mkia pembeni. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha urudie kila baada ya siku moja mpaka amkatae dume. Ukiweza kupata daktari wa mifugo wa kumtoa damu na kuipeleka maabara kupima homoni ya projesteroni, ni bora zaidi: ikifika karibu nanogramu 5 kwa mililita yai linatoka, na siku ya pili baada ya hapo ndiyo siku nzuri. Kwa mbwa adimu ambaye dume wake yuko ng'ambo ya bahari, gharama ya kipimo hicho ni ndogo kuliko nauli ya safari ya bure.

Baada ya siku, mtazame dume. Kende zinataka ubaridi kuliko mwili, na banda la bati wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, ni tanuri. Dume aliyelala humo wiki nzima anaweza kupanda kwa nguvu zote na asizalishe. Banda langu sasa limeezekwa makuti, liko chini ya mwembe, na upande wa bahari uko wazi. Wakati wa joto napandisha alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri. Mbwa wakinasana wanaweza kukaa hivyo dakika 5 mpaka 30, wengine zaidi. Usiwavute, usiwamwagie maji, washike tu wasiburuzane.

Ikiwa siku zilikuwa sahihi na dume amezalisha kwingine, hapo jike anaweza kuwa alishika kisha mimba ikapotea. Kipimo cha picha (ultrasound) kati ya siku ya 25 na ya 28 kitakueleza kama mimba ilikuwapo. Bila picha hiyo utabaki unakisia. Mimba ikitoka baada ya siku ya 45, na hasa ikiwa jike mwenyewe anaonekana mzima, mfikirie bruselosi ya mbwa. Ugonjwa huo unapita kwa kupandana na unaweza kumwingia binadamu, kwa hiyo vaa glavu unapoondoa kilichotoka, fukia mbali na kisima, na usimpandishe tena mbwa yeyote wa banda hilo mpaka damu zao zipimwe.

Mwisho kabisa ndiyo damu. Baba na binti, au kaka na dada wa tumbo moja, wakipandishana, watoto wanakuwa na uzawa wa ndani (wa kuzaliana ndugu kwa ndugu) wa asilimia 25. Waliochangia mzazi mmoja, asilimia 12.5. Watoto wa ndugu, asilimia 6.25. Dalili yake haiji kwa kishindo: uzazi wa kwanza watoto sita, wa pili wanne, wa tatu wawili na mmoja amekufa. Mfugaji anabadilisha chakula, anabadilisha banda, hakuna kinachobadilika. Ukiliona hilo kwenye daftari lako vizazi vitatu mfululizo, dawa yake ni dume kutoka nje, hata kama kichwa chake si kizuri kama cha mjomba wake jike wako.

Damu haikomi, au inarudi kila baada ya wiki chache

Jike huingia kwenye joto, yaani siku zake za kutaka dume, kila baada ya miezi sita au saba hivi. Anayetokwa damu mara kwa mara nje ya hapo hana "joto refu", kama nilivyosikia wengi wakisema. Mfunue umtazame. Ukiona kinyama chekundu kinachovunjikavunjika kama ua la koliflawa, huo ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, na mbwa wanaozurura huupitisha kutoka kijiji hadi kijiji. Dume naye anaweza kuwa nao chini ya ngozi ya uume, akatoa matone ya damu ambayo mwenye mbwa anadhani ni mkojo mchafu. Habari njema ni kwamba mara nyingi unapona kabisa kwa sindano za kila wiki za daktari. Usimpandishe, na usimtoe kwenye uzazi wa baadaye kwa ajili ya ugonjwa huu. Huu ni wa malezi moja kwa moja: uzio ulikuwa na tundu.

Lililo baya kuliko hilo halitoi damu. Jike aliyetoka kwenye joto wiki nne mpaka nane zilizopita, anakunywa maji kupita kiasi, hataki kula, anatapika, tumbo limejaa: kizazi kimejaa usaha. Wakati mwingine usaha unatoka na utaunusa. Wakati mwingine mlango wa kizazi umefunga na hutoona kitu. Mpeleke siku hiyo hiyo. Hapo kuna kuchagua kati ya kizazi na mbwa, na wakati wa kuchagua ni mfupi.

Siku zimefika, hazai

Hesabu ya siku 63 inaanzia yai linapotoka, siyo siku ya kupanda, ndiyo maana jike anaweza kuzaa siku ya 57 au ya 70 ya daftari lako bila tatizo lolote. Kuanzia siku ya 58 mpime joto asubuhi na jioni. Kawaida lipo kati ya 38 na 39. Likishuka chini ya 37.2, watoto kwa kawaida watakuja ndani ya saa 24.

Mambo matatu yanakutaka uondoke na usingoje kuche. La kwanza, anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu. La pili, kuna mtoto bado tumboni na saa mbili zimepita bila dalili. La tatu, maji ya kijani kibichi cheusi yametoka kabla ya mtoto wa kwanza, maana yake kondo limeshaachia. Kwetu visiwani madaktari wa mbwa ni wachache na usiku wanakuwa mbali, basi mwambie daktari tarehe wiki mbili kabla, na uwe na gari uliyoikubali bei tangu mchana. Teria wenye vichwa vikubwa na nyonga nyembamba hukwama zaidi. Jike aliyekwama mara mbili, na mama yake alikwama, hilo ni la damu, mpumzishe.

Watoto wanazaliwa wazima, kisha wanakufa

Hapa ndipo nilipopoteza wengi kuliko popote, na ndipo majike wazuri wanapotupwa kwa dhuluma. Kitu cha kwanza ni kuuliza wamekufa siku ya ngapi. Siku yenyewe inakutajia sababu.

Wakifa kati ya siku ya kwanza na ya tatu, fikiria baridi kabla ya kingine chochote. Watu wa pwani hatuamini kwamba mtoto wa mbwa anaweza kufa kwa baridi Unguja, lakini mtoto wa wiki ya kwanza hajui kutetemeka na joto lake mwenyewe ni 35 au 36 tu. Sakafu ya saruji usiku wa masika, upepo wa kusi ukipita chini ya mlango, unatosha. Mtoto aliyepoa hawezi kunyonya wala tumbo lake halisagi maziwa. Ukimlazimisha maziwa ukiwa na huruma, unamuua. Mpashe moto kwanza, pole pole, kifuani kwako au kando ya chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, ndipo umrudishe kwa mama. Sanduku liwe juu ya ubao, si chini.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Pima kila mtoto kila siku, saa ile ile. Mtoto mzima anaongeza kati ya asilimia 5 na 10 kila siku na anafika mara mbili ya uzito wake karibu na siku ya 10. Asiyeongeza siku mbili ana tatizo hata kama ananyonya mbele ya macho yako. Mizani imeniokolea watoto wengi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Wakifa kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, wakilia bila kunyamaza, tumbo linauma, mmoja leo na mmoja kesho, na mama anaonekana hana lolote, yawezekana ni virusi vya hapesi vya mbwa. Virusi hivi vinastawi mwili ukiwa chini ya 37, ndiyo maana vinawamaliza wachanga na kumwacha mkubwa na mafua tu. Mama aliyeambukizwa karibu na kuzaa hakuwa bado na kinga ya kuwapa. Uzazi unaofuata mara nyingi huwa salama, kwa sababu kinga ameshaipata. Watu wanamtoa jike wa namna hii wakisema maziwa yake ni sumu, na kumbe ndiye aliye tayari kuliko wote. Wiki tatu kabla ya kuzaa na wiki tatu baada yake, jike wangu hakutani na mbwa mgeni, wala mimi siendi kushika mbwa wa watu.

Wiki ya pili mpaka ya nne: funua ufizi. Ukiwa mweupe kama nazi, na kinyesi kikawa cheusi, hao ni minyoo ya safura, na wamepitia kwenye maziwa ya mama. Mchanga wetu wenye kivuli na unyevu ndio makazi yao. Wape watoto dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, na mama pamoja nao kila mara, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Hawa hawafi kwa udhaifu wa ukoo. Wanafyonzwa damu.

Mama naye asisahauliwe katika wiki hizi. Teria mdogo mwenye watoto wengi anaweza kuanza kutetemeka, kuhema, kutembea kama mlevi, joto likapanda. Kalsiamu yake imekwenda kwenye maziwa. Waondoe watoto, mkimbize kwa daktari akachomwe sindano taratibu. Na usijaribu kumkinga kwa kumpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba. Mwili unazoea kupewa na unashindwa kuitoa mifupani siku inapohitajika.

Baada ya wiki ya sita, kuhara damu na kutapika ni pavo, virusi vya matumbo ya mbwa, mpaka uthibitishe vingine. Chanjo inaanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto afike wiki 16. Ukisimama kwenye ya kwanza, ni kama hukuanza. Vijidudu vyake hukaa ardhini hata mwaka na zaidi. Sabuni ya kawaida haiviui, jiki inaviua.

Nataja kimoja cha kwetu hasa. Mbwa akifa ghafla baada ya kutapika na kulegea miguu, na wavuvi walikuwa pwani asubuhi ile, uliza kuhusu bunju, samaki mwenye sumu. Wavuvi wanamtupa mchangani, mbwa anamwokota.

Manyoya yamelainika, ngozi inanuka

Manyoya ya teria wa aina hii yanatakiwa yawe ya tabaka mbili, ya juu magumu na marefu, ya chini laini na ya kuzuia maji. Wengi kwa ajili ya joto letu wanamnyoa kwa mashine, kisha wanashangaa manyoya yanarudi kama pamba, na jaji wa maonyesho ya mbwa anawaambia mbwa ana manyoya mabaya. Mashine inakata unywele uliokufa na kuuacha shina lake ndani. Njia ya asili ni kuyang'oa kwa vidole yaliyokomaa, kidogo kidogo, wiki 8 mpaka 12 kabla ya onyesho. Yakiwa yamekomaa hayaumi. Ukitaka kujua kama ulaini ni wa damu, ng'oa sehemu ya mgongo kwa mkono mara mbili, miezi mitatu mitatu. Yakirudi magumu, kosa lilikuwa la mashine.

Ngozi inayonuka baada ya masika mara nyingi ni ukungu chini ya manyoya ambayo hayakukauka. Akitoka baharini msuuze kwa maji baridi ya kisima na umkaushe mpaka tumboni. Kati ya vidole tafuta funza na kupe. Na kupe usiwadharau: ufizi uliopauka, damu ya pua, homa inayokuja na kuondoka, hiyo ni homa ya kupe na inatibiwa kwa wiki nne, siyo kwa sindano moja. Lakini kama mbwa anajikuna tangu ana mwaka mmoja, masikio na makwapa yake mekundu kila msimu, na mama yake alikuwa hivyo, basi hapo umefika kwenye damu. Sealyham wanayo tabia hii ya ngozi.

Kasoro ambazo malezi hayazigusi

Macho kwanza. Teria kadhaa, Sealyham miongoni mwao, hurithi udhaifu wa nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho. Kwa kawaida kati ya miaka 3 na 8 lenzi inaachia. Jicho linakuwa jekundu, linaingia ukungu, mbwa analifumba na kulikimbia jua. Watu wanasema amechomwa na mwiba. Ikiwa ni hili, shinikizo linapanda ndani ya jicho na upofu unakuja kwa siku chache, na jicho la pili hufuata. Kwa hiyo jicho jekundu la teria wa umri huo ni la kwenda kwa daktari leo.

Kipimo cha vinasaba kipo. Unachukua ute wa shavuni kwa pamba na kuutuma. Kitakwambia mbwa ni safi, ni mbebaji, au ni mwenye ugonjwa. Hapa nawaomba sana wenzangu tusikie: mbebaji siyo mgonjwa. Mbebaji akipandishwa na safi, hakuna mtoto hata mmoja atakayerithi kasoro kwa baba na kwa mama, ingawa wabebaji wachache sana nao huweza kuugua. Karibu nusu watabeba, nusu watakuwa safi, nawe unachagua walio safi kizazi kinachofuata. Ukiwatupa wabebaji wote kwa siku moja katika aina yenye mbwa wachache, umejikinga na jicho ukaleta uzawa wa ndani, na huo hauna kipimo cha kukutoa.

Kende ambayo haijashuka miezi sita ikifika haishuki tena. Dume huyo hapandishwi, hata awe na kichwa cha dhahabu, na iliyobaki ndani itolewe kwa sababu inaweza kugeuka saratani. Uziwi huwapata mbwa wenye weupe mwingi. Gonga sufuria nyuma yake akiwa amelala, si mbele, kwa sababu anakuona. Aliye kiziwi wa sikio moja utamkosa kwa njia hii na anahitaji kipimo cha hospitali. Taya la chini lililotangulia kidogo utotoni linaweza kujirekebisha au kuzidi. Ngoja meno ya kudumu yaishe kutoka ndipo uhukumu.

Tabia imebadilika ghafla

Mbwa mpole ameuma bila sababu, sauti imebadilika, mate yanamtoka, anashindwa kumeza. Usimshike kumfungua mdomo kutafuta mfupa. Mfungie, ita ofisi ya mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Pemba ilifanikiwa kuuzima ugonjwa wa kichaa cha mbwa kwa chanjo za halaiki za mbwa, ukaingizwa tena mwaka 2016, na kazi ikabidi ifanywe upya mpaka ukazimwa mara ya pili. Mtoto wa mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, na usivushe mbwa asiye na cheti kutoka bara, wala kutoka Unguja kwenda Pemba.

Jirani amechoka

Naliweka hili kwa sababu limewafungia wafugaji wengi kuliko ugonjwa. Wengi wetu visiwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda ana nafasi yake, na sura ya Maida, aya ya 4, imewataja wanyama waliofundishwa kuwinda. Lakini nafasi hiyo haimpi ruhusa ya kwenda kulamba ndoo ya Bi Mkubwa wa nyumba ya pili. Banda liwe mbali na kisima na njia ya msikitini, ua lizikwe chini nusu mita kwa kuwa teria anachimba, na bweko la alfajiri mara nyingi linakoma ukimtembeza jioni mpaka achoke. Nenda mwenyewe kwa jirani kabla hajaja. Na ukitoka na mbwa kusini, karibu na msitu wa Jozani, usimfungue kamba. Paa nunga wa msitu huo wamebaki wachache, na mbwa mmoja anatosha kuwaletea msiba.

Nyumbani shupavu, mbele ya jaji anajikunja

Mkia uko chini, anatetemeka mezani, jaji akimfungua mdomo anageuza kichwa. Ukiulizwa utasema ana woga wa kuzaliwa. Kabla ya hapo hesabu watu wangapi wageni wamewahi kumshika maishani mwake. Mbwa wa kisiwani anamjua bwana wake, watoto wa nyumba na daktari mwenye sindano. Meza inayoteleza inamkumbusha daktari. Tandika zulia la mpira lisiloteleza juu ya meza, mpandishe kila siku dakika mbili, mfungue midomo, umshike miguu, umpe kipande cha ini, umshushe. Kisha mwombe rafiki mwenye kofia afanye vivyo hivyo, na mwingine mwenye ndevu. Mbwa wa woga wa damu haji mbele hata baada ya miezi mitatu ya hayo, na ndugu zake wako hivyo. Huyo ni mlinzi mbaya na mzazi mbaya, na teria mwoga siyo teria.

Mwendo pia unadanganya. Mbwa aliyezoea mchanga laini anainua miguu kama anavuka matope akifika kwenye nyasi ngumu. Kucha ndefu zinamfanya akanyage kisigino. Nilipowatazama mbwa wangu kwa video ya simu, polepole, kutoka mbele na kutoka nyuma, niliona kwamba "bega bovu" nililokuwa nalilalamikia lilikuwa kamba niliyoishika juu mno. Anayepanga kwenda kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club, Nairobi, asifike asubuhi ya onyesho. Boti, gari, baridi ya kule juu: mpe siku mbili alale na ale.

Jaji mmoja anampa wa kwanza, mwingine wa mwisho

Hii nayo ni dalili, na mara nyingine mgonjwa ni jaji. Jaji mchanga anatafuta makosa kwa sababu kosa ni rahisi kuliona: sikio zito, doa lisilopendeza, jino moja halipo. Akimaliza kukata makosa, anayebaki ni mbwa asiye na kosa na asiye na kitu. Kwa aina adimu hukumu hiyo ina madhara, maana wafugaji watamfuata aliyeshinda na kumzalisha kupita kiasi, na miaka kumi baadaye kila mbwa ni mjukuu wake.

Huku kwetu hatuna maonyesho makubwa, lakini wachache tunaofuga tunakutana baada ya alasiri shambani kwa mmoja wetu na kuhukumiana. Tumekubaliana mambo kadhaa. Mwenye mbwa hasemi kitu mpaka karatasi ijae. Anayehukumu anaandika kwanza sifa tatu alizoziona kwa mkono wake, siyo kwa macho tu, kwa sababu manyoya yaliyopangwa vizuri yanaficha mgongo na kifua. Kwa teria wa kuingia shimoni kama Border na Parson Russell, anakizungusha kifua kwa viganja viwili nyuma ya mabega. Vikikutana, mbwa anapita shimoni. Kwa Sealyham anatafuta taya pana, meno yaliyofungana kama mkasi, na kifua kilichoshuka katikati ya miguu ya mbele. Ndipo anaandika kasoro, na kando ya kila kasoro anaweka herufi moja: D ikiwa anaamini ni ya damu, M ikiwa ni ya malezi. Herufi M haimpunguzii mbwa nafasi yake kwenye uzazi. Mwenye mbwa anarudi nayo nyumbani, na tukikutana tena baada ya miezi mitatu karatasi ile inafunguliwa, mbwa yule yule anapandishwa mezani.